Wageni wa pwani na bahari ya Uingereza: angalieni maji kabla ya kukata tiketi (Southend, siku nzima)

BintiMkwakwani

Assalaam aleikum, habari za jioni wanajukwaa.

Naishi Barking, mashariki ya London, huu mwaka wa 14. Mwezi wa saba nilipokea wageni kutoka nyumbani Tanga: shoga yangu niliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza, na mumewe. Walikuja kwenye mahafali ya mtoto wao, wakafikia kwangu siku 9. Tulizunguka London mpaka miguu ikavimba. Daraja la Tower, Big Ben, ikulu ya Buckingham, kote tulifika. Siku ya nne usiku, tuko jikoni tunakunywa chai, shoga yangu akaniambia kwa upole, "Mwenzangu, majumba tumeyaona. Bahari yenu iko wapi?"

Nilisita. Miaka ya nyuma nilishampeleka mgeni mwingine Southend kwa sababu ndiko karibu na Barking, treni moja tu. Tulifika mchana, jua kali, bahari hakuna. Tope la kijivu mpaka macho yanapoishia, mashua zimelala ubavu. Mgeni wangu alikaa kwenye benchi, akala chipsi, akauliza treni ya kurudi ni saa ngapi. Tangu siku ile kila anayeniuliza nilikuwa namwambia Southend hakuna bahari, aende kwingine. Nimesema hivyo miaka mingi na nilikuwa nawapoteza watu. Ndiyo maana nafungua huu uzi.

Basi nikawaeleza hofu yangu. Shemeji hakunijibu. Akauliza swali moja tu: "Maji yanajaa saa ngapi huko?"

Sikuwa na jibu. Mimi niliyezaliwa Tanga, niliyelelewa na babu ambaye hakuwahi kutoka nyumbani asubuhi bila kusema maji yako wapi. Miaka 14 huku nimekuwa naangalia utabiri wa mvua tu, kama vile bahari ni bustani inayokaa mahali pake ikikusubiri.

Shemeji anafanya biashara ya samaki, anapokea mzigo wa wavuvi alfajiri miaka zaidi ya 20. Akasimama dirishani akautazama mwezi juu ya paa la jirani. "Leo kumi na nne. Jumamosi itakuwa kumi na sita. Hilo bamvua." Yaani siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana. Akasema kwetu siku za bamvua maji hukauka kwenye saa nne asubuhi na kujaa saa kumi alasiri, lakini kila bandari ina saa yake, kwa hiyo tuulize. Tukafungua jedwali la maji kwenye simu: Southend, Jumamosi, maji kupwa kabisa kama saa mbili na nusu asubuhi, kujaa kama saa tisa kasoro. Akapiga meza kwa kiganja. "Tufike saa nne. Tuyapokee yakija."

Naendelea chini, nalisha mtoto kwanza.

Mwanakwetu_Leicester

Nimekaa siti ya mbele dada. Endelea.

Kamanda_Croydon

Samahani mwanzisha uzi, sina nia mbaya, ila Southend si bahari. Ni mdomo wa mto Thames. Mgeni aliyetoka Tanga unampeleka kuangalia mto? Mpeleke Brighton akaone bahari yenyewe, maji ya bluu, upeo wazi. Treni kutoka Victoria ni kama saa moja tu.

BintiMkwakwani

@Kamanda_Croydon nashukuru kaka, hilo swali hata shoga yangu aliliuliza, na jibu lake tulilikuta limesimama ufukweni. Nakuja nalo.

Tulipanda treni Barking saa tatu asubuhi. Ushauri wangu wa kwanza: msiende moja kwa moja mpaka Southend Central. Shukeni Leigh-on-Sea. Ni stesheni ya tatu kabla ya ile ya mjini, na ukitembea kama dakika kumi na ushee unaingia kijiji cha zamani cha wavuvi, Old Leigh, kilichobanwa kati ya reli na maji. Nyumba ndogo za mbao, nyavu, magamba meupe yamerundikwa, harufu ambayo shoga yangu alisimama ghafla akaivuta kwa pua na kusema, "Hapa nyumbani."

Biashara ya pale ni chaza wadogo wa mchangani, wa magamba mawili, wenye mistari kama kitana. Kwetu kila kijiji kina jina lake, wengine wangewaita kome. Mashua zinawavua kwenye mafungu ya mchanga ya huko huko mdomoni mwa Thames, wanachemshwa, wanauzwa kwenye vibanda wakiwa wametolewa magambani, kwenye kikopo kidogo, na siki na pilipili manga nyeupe juu. Uduvi upo, kaa yupo. Shemeji alikula vikopo viwili kimya kimya, kisha akamuuliza muuzaji kupitia kwangu: mnawachemsha na chumvi au maji matupu? Mnaanza kuwavua mwezi gani? Wanakaa siku ngapi kwenye barafu? Yule mama alimjibu yote. Nyuma yetu foleni ilianza kurefuka na hakuna aliyelalamika.

Sasa maji. Saa nne ile bahari ilikuwa mbali sana, mstari mwembamba unaong'aa. Kilichonishtua ni kwamba wageni wangu hawakuhuzunika hata kidogo. Walifurahi! Nilipoona tope, wao waliona shamba. Shemeji alivua viatu, akakunja suruali, akashuka hatua chache pembeni ya ukuta, akachuchumaa. Akanionyesha vilima vidogo vya mchanga vilivyojisokota kama tambi, kila kimoja kando ya kishimo. "Chini ya hapa pana mnyoo. Chambo hiyo."

Na kweli, mbele kidogo palikuwa na mzee Mwingereza, buti mpaka magotini, uma wa kuchimbia mkononi na ndoo. Shemeji akamwendea. Kiingereza chake ni cha kuombea maji tu. Mzee akainamisha ndoo amwonyeshe: minyoo myeusi minene kama kidole. Shemeji akachukua mmoja, akamlaza kiganjani, akambinya kidogo mwishoni kwa kidole gumba kama mtu anayepima embe, akatikisa kichwa kwa kukubali. Yule mzee akacheka kwa furaha, akaonyesha kwa mikono urefu wa samaki anaowapata. Shemeji akaonyesha wa kwake. Walikaa pale dakika 15 hivi wakizungumza kwa mikono na mimi sikuitwa kutafsiri ila mara mbili.

Kama ningewaleta mchana bila kuuliza, ningeyakosa haya yote.

Nahodha_wa_Kipumbwi

Umenitoa machozi bibie. Lakini naomba niweke neno la tahadhari, maana kuna watu watasoma hapa na kwenda kutembea topeni.

Southend bamvua linapanda na kushuka zaidi ya mita 5. Ufuko wenyewe ni bapa kama sinia. Maana yake maji yakianza kurudi hayapandi kwa hatua, yanatandazika, na yanapitia kwenye vijito vilivyo nyuma yako kabla hujayaona mbele yako. Unajikuta kisiwani. Tope nalo linakamata mguu. Kila mwaka waokoaji wa pale wanatoa watu walionaswa hivyo, na wengi si wageni, ni wenyeji waliozoea.

Mashariki zaidi, upande wa kisiwa cha Foulness, kuna njia ya zamani inayopita juu ya mchanga wa baharini, inaitwa Broomway. Imeua watu wengi katika karne zake kwa sababu hiyo hiyo, maji yanakuja kasi na ukungu ukishuka hujui nchi kavu iko wapi. Msiende huko peke yenu hata kama mmezaliwa ndani ya ngalawa. Kujua bahari ya kwenu si kujua bahari ya watu.

Likitokea la kutokea piga 999 na uombe Coastguard, yaani walinzi wa pwani, usiombe polisi.

BintiMkwakwani

@Nahodha_wa_Kipumbwi asante sana kaka, na shemeji alisema maneno kama hayo hayo. Hakwenda hata hatua 30 kutoka ukutani, na kila baada ya muda alikuwa anageuka kutazama nyuma. Niliposema twende mpaka kwenye ile mashua pale, alikataa: "Hapa mimi mgeni. Mgeni haingii chumbani."

MtuWaDodoma

Dada BintiMkwakwani, uzi wako umenikuta wakati wake. Mama yangu anakuja mwezi ujao, ana miaka 68, hajawahi kuiona bahari hata ya Dar es Salaam. Amekaa Dodoma maisha yake yote. Nataka siku yake ya kwanza kuiona awe na mimi. Tatizo magoti, hawezi kutembea mwendo mrefu. Southend itamfaa kweli?

Likoni_Kwetu

Ndugu zangu, mimi ni wa Mombasa na niko Brighton mwaka wa sita. Kaka wa Croydon amesema kweli, upeo wazi upo na maji hayakimbii mbali kama Southend. Lakini mjue ufuko wote ni mawe. Hakuna mchanga, ni kokoto za mviringo, kubwa kama mayai, zinateremka chini ya mguu. Mwenye magoti mabovu atateseka kufika majini. Kama mnakuja leteni viatu vya mpira. Na shakwe wa hapa wananyang'anya chakula mkononi, msinyanyue mkate juu mkiongea.

Ila wageni wangu huwa siwapeleki baharini kwanza. Nawapeleka Royal Pavilion. Ni jumba alilojengewa mfalme George wa Nne, lina makuba na minara utadhani uko Bara Hindi. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia lilifanywa hospitali ya askari wa Kihindi waliojeruhiwa Ufaransa, kuanzia mwisho wa 1914 hadi mwanzo wa 1916. Jikoni zilikuwa mbalimbali kwa ajili ya dini zao. Juu ya vilima nje ya mji kuna mnara mweupe uitwao Chattri, mahali walipochomewa maiti za Wahindu na Makalasinga. Waislamu walizikwa Woking.

BintiMkwakwani

@Likoni_Kwetu Subhanallah. Sisi watu wa Tanga tumekua tukisimuliwa vita vya nyuki, Novemba 1914, Waingereza walipoleta jeshi la Kihindi kwa meli kutoka Bombay kuja kuwatoa Wajerumani. Walishindwa ndani ya siku chache na nyuki wakawamaliza nguvu. Makaburi yao tunayo mpaka leo pale mjini. Kumbe mwezi uliofuata wenzao walikuwa wanalazwa ndani ya jumba la mfalme Brighton. Sikuwahi kuyaunganisha haya mawili. Nitakuja huko kwa ajili ya huo mnara tu, inshallah.

@MtuWaDodoma nitakujibu vizuri, usiondoke. Namalizia siku yetu kwanza maana jibu lako limo humo.

Kutoka Old Leigh kuna njia ya miguu inayofuata ukuta wa bahari mpaka Chalkwell, reli iko kushoto, maji kulia. Mwendo wa nusu saa kwa watu wanaopiga stori. Tulipoanza maji yalikuwa bado mbali. Tulipofika Chalkwell yalikuwa yameshafunika nusu ya tope, na rangi imebadilika kutoka kijivu kuwa kijani cha chupa.

Hapo Chalkwell ndipo lilipo jibu la kaka yetu wa Croydon. Kuna nguzo ya jiwe imesimama nje kidogo ufukweni, inaitwa Crowstone. Hii iliyopo ni ya 1837, ya kabla yake iliwekwa 1755 na sasa imehifadhiwa kwenye bustani mjini. Ndiyo iliyokuwa inaonyesha mwisho wa mamlaka ya Jiji la London juu ya mto Thames. Ukivuta mstari kutoka hapo kwenda ng'ambo ya Kent, magharibi yake ni mto, mashariki yake hesabu za mto wa London zimekwisha. Kwa hiyo kaka, mtu akisimama Chalkwell akitazama mashariki hatazami mto. Na maji tuliyaonja. Chumvi tupu.

Shemeji aliifanya ile nguzo kipimo chake. Tulitandika khanga kwenye majani, na kila tukizungumza kidogo alikuwa anatangaza: "Yamefika miguuni." "Magotini." Shoga yangu akasema anaisoma ile nguzo kama mama anavyompima mtoto ukutani. Yalipofika kiunoni mwa nguzo ilikuwa saa saba imepita, tukasimama kuswali adhuhuri.

Hili nataka niliseme kwa sababu lilinigusa. Tanga kibla chetu ni kaskazini. Huku Uingereza ni kusini mashariki. Pale ufukweni ukielekea kibla unaelekea baharini, kwenye mdomo ule ambako meli zinatokea, na ndiko karibu upande uleule iliko Tanga. Miaka yote naswali sebuleni Barking nikitazama ukuta wenye soketi ya umeme. Sikuwahi kufikiri kwamba ukuta ule ukiuondoa, kuna hii bahari, na mbele zaidi kuna kwetu. Shoga yangu alipotoa salamu alikaa muda mrefu bila kugeuka. Sikumwuliza.

Kisha akaingia majini na dera lake. Mimi sikuthubutu, nilibaki na maji ya ugoko. Kiangazi maji ya hapa hufika nyuzi 18 mpaka 20 hivi, kwetu hayashuki 25. Alipiga kelele mara moja, akatulia, akaelea chali. Alivyotoka midomo imebadilika rangi anatetemeka anacheka, akasema, "Baridi, lakini ni yenyewe."

Mkaazi_wa_Solent

Mie niko Southsea, Portsmouth, na nawaombeni muiweke na hii kwenye orodha, hasa mkiwa na wageni wa Unguja na Pemba. Kutoka Waterloo ni kama saa moja na nusu hadi mbili.

Ngome ya Southsea ilijengwa 1544 na mfalme Henry wa Nane, na mwaka uliofuata meli yake ya vita Mary Rose ilizama mbele ya macho ya watu hapa hapa. Waliiibua 1982, na mbao zake mtaziona makumbusho ya bandarini. Baharini mtaona ngome za duara zimesimama kama masufuria. Ukitaka watoto wafurahi, wapakie hovakrafti hadi kisiwa cha Wight, dakika kumi tu umefika.

Lakini sie Wazanzibari tuna sababu nyengine. Seyyid Jamshid bin Abdullah, Sultani wa mwisho, aliyeondoshwa Mapinduzi ya Januari 12, 1964, aliishi mji huu zaidi ya miaka 50, maisha ya kawaida, mpaka 2020 aliporuhusiwa kuhamia Oman. Alifariki huko Disemba 2024. Kila mtu ana rai yake juu ya historia ile na sitaki tugombane. Nilileta mgeni wangu, mtu mzima wa Mji Mkongwe ambaye familia yake ilitawanyika mwaka ule. Alikaa kwenye benchi inayotazama bahari, akasema, "Kwa hivyo alikuwa akitazama hii." Basi. Tukakaa mpaka jua likazama.

Mwanakwetu_Leicester

Wallahi huu uzi. Mada za kuchambua wakimbizi na mishahara zipo kila siku, hii ni mara ya kwanza nasoma humu kitu nikatamani kumpigia mtu simu.

Dada, gharama sasa. Familia ya watu wanne.

BintiMkwakwani

@Mwanakwetu_Leicester nauli zinabadilika, siwezi kukuandikia namba ambayo kesho si kweli. Ila: msafiri wikiendi au baada ya saa za msongamano wa asubuhi. Mkiwa watu wazima 3 hadi 9 mnaosafiri pamoja, kampuni nyingi za treni zinapunguza theluthi moja ya nauli, inaitwa GroupSave, uliza hiyo kwa jina. Mtoto chini ya miaka 5 hapandi kwa tiketi. Bahari yenyewe bure, kutembea ukutani bure. Ile bustani ya michezo ya watoto, Adventure Island, mlangoni hakuna kiingilio, unalipia bembea.

Chakula. Hapa Waislamu wenzangu msikilize. Samaki na chipsi si lazima iwe salama kwa sababu ni samaki. Duka la kwanza tuliloingia niliuliza mafuta gani, wakaniambia bila kuficha wanakaanga kwa mafuta ya ng'ombe, na huyo ng'ombe hatujui kachinjwaje. Kwingine ule unga wanaomvalisha samaki wanaukoroga kwa bia. Ulizeni mawili hayo, hawachukii. Duka la tatu lilikuwa mafuta ya mimea na unga wa maji, tukala. Shemeji alimwonja samaki akasema nyama nzuri nyeupe ila hawa watu hawajui ndimu.

Na jambo la maji machafu. Huku mvua kubwa ikinyesha, mifereji ikizidiwa, maji taka hufunguliwa baharini. Kuanzia Mei 15 hadi Septemba 30 sampuli za maji ya fuko za kuogelea zinapimwa, na kila ufuko una bango linaloonyesha daraja lake. Lisomeni. Kama imenyesha sana jana yake, msiogelee, mtembee tu. Hili linaniuma, nchi tajiri namna hii.

Mwisho gati. Tulipanda treni kutoka Chalkwell hadi Southend Central, vituo viwili, tukateremka barabara ya maduka mpaka baharini. Gati la Southend lina urefu wa zaidi ya kilomita 2, ndilo gati refu la starehe kuliko yote duniani. Miaka yote nilidhani walijenga hivyo kwa majivuno. Shemeji alilitazama, akakumbuka tope la asubuhi, akasema kabla sijafungua mdomo: "Waliyafuata maji." Ndivyo ilivyo. Kabla ya gati meli za kutoka London hazikuweza kukaribia maji yakiwa yamekupwa. Wakaanza na gati la mbao 1830, likawa fupi, wakarefusha, na hili la chuma likafunguliwa 1889. Limeungua zaidi ya mara moja, na 1986 meli ililigonga likakatika. Kila mara wamelijenga tena.

Tulikwenda kwa miguu, tukarudi na kitreni. Mwisho kabisa kuna kituo cha mashua ya waokoaji wa RNLI, watu wa kujitolea, wamekuwepo tangu 1824 kama shirika. Kuna meli za makontena zinapita karibu kabisa kwenda bandari za Thames. Na ng'ambo, upande wa Kent, siku isiyo na ukungu unaona milingoti imechomoza majini. Ni meli ya Kimarekani, Richard Montgomery, ilikwama 1944 na kukatika, na ndani yake bado kuna tani kama 1,400 za vilipuzi ambazo hazijatolewa. Shemeji aliitazama hiyo kuliko kitu kingine chochote siku ile. Alisema kwetu wavuvi wa baruti wangeshaifuata, na akanyamaza, maana ana ndugu aliyepoteza mkono kwa baruti.

Tulirudi na treni ya saa moja jioni. Kati ya Chalkwell na Leigh reli inapita ukingoni kabisa mwa bahari, kaeni upande wa kushoto mkirudi London. Maji yalikuwa yameshaanza kuondoka, tope limerudi, ile nguzo imekauka mpaka miguuni. Shoga yangu aliweka kiganja kwenye kioo cha dirisha, akakiacha hapo mpaka maji yakapotea.

@MtuWaDodoma sasa wewe. Mama usimpeleke Leigh, mwendo ni mrefu. Shukeni Southend Central, barabara ya maduka haina magari, mwende pole pole, mkifika chini mpande kitreni cha gati mpaka mwisho. Atakuwa katikati ya bahari bila kutumia magoti. Na kwa kuwa hajawahi kuiona, mimi ningemfikisha masaa matatu kabla ya maji kujaa, akae ufukweni kwanza aione ikiwa mbali, ndipo aione ikija. Mtu aliyezaliwa bara akikuta imejaa tu atadhani ni ziwa kubwa.

Nahodha_wa_Kipumbwi

Hapo umesema. Na umwangalizie mwezi. Maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hayaendi mbali wala hayaji kwa nguvu. Kwa mama mchukue siku ya bamvua, lakini viti viwe juu ya ukuta.

Kamanda_Croydon

Nimesoma yote. Nafuta kauli yangu ya mto. Jumapili naenda na watoto, nimeshaangalia jedwali: kujaa saa kumi na robo.

MtuWaDodoma

Wakuu, narudi kwenye uzi baada ya wiki tano. Niko Southend sasa hivi. Tumefika saa tano, maji yalikuwa mbali kama dada alivyosema. Mama akauliza, "Ndiyo hii?" Nikamwambia subiri. Amekaa kwenye kiti cha kukunja, amejifunika khanga mbili kwa ajili ya upepo, hataki chai. Nimemwambia twende tukapande kitreni cha gati kabla foleni haijawa ndefu, amekataa. Amesema, "Usinisumbue, naiangalia inavyokuja."

Sasa imefika kwenye mawe chini yetu. Amevua kiatu kimoja.